Vidonge vya mtandaoni, kalamu ya Dar na kilo tisa: kisa cha mama mfanyabiashara wa Kigoma

## Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa anayezungumziwa hapa tutamwita Mama T. Ameridhia habari zake ziandikwe. Umri, biashara na baadhi ya mambo ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike, na vituo alivyopitia havitajwi majina. Ninaandika nikiwa mfamasia niliyeshiriki kumhudumia, na ninawaandikia wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, matabibu, wauguzi, na ndugu wa mtu yeyote anayeulizia dawa ya kupunguza mwili. Siku hizi swali hilo halikauki kaunta. Wengi wanaolijibu wamekwisha chagua upande: ama dawa hizi zote ni sumu, ama ni muujiza. Mama T. alipita pande zote mbili katika muda usiofika miaka miwili, ndiyo maana kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa urefu.

## Alikotoka

Mama T. ana miaka 43 na watoto wanne. Anauza vitenge eneo la Mwanga, mjini Kigoma, na msimu wa mawese ukifika hununua mafuta kwa madumu kutoka vijijini na kuyapeleka mikoa mingine. Kazi yake ni ya kukaa. Mchana alikuwa anakula kwa mama ntilie pale pale kibandani, akishushia na soda, na mlo wake mkubwa ulikuwa wa usiku, mara nyingi saa nne: ugali wa muhogo na migebuka au dagaa waliokaangwa kwa mawese.

Urefu wake ni sentimita 158. Kabla ya yote haya alikuwa na kilo 96, yaani uwiano wa uzito na urefu wa 38. Kuanzia 30 huhesabiwa kuwa kiribatumbo. Alikuwa na presha kwa miaka mitatu, akitumia amlodipini miligramu 10 na haidroklorothiazidi miligramu 25. Magoti yalikuwa yanamuuma kila akipanda mlima kutoka Kibirizi. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi kabla ya kufika miaka 60, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha zaidi, kuliko kioo na kuliko nguo.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mazingira yake, kwa sababu litarudi mbele. Mwili wake ulikuwa unasifiwa. Upande wa mume walikuwa wakisema kijana wao anamtunza mke, na wateja walikuwa wakimwambia kuwa maisha yamemkubali. Hata kliniki hapakuwa na mtu aliyeuzungumzia. Daftari lake lilikuwa na vipimo vya presha ukurasa baada ya ukurasa, lakini uzito haukuwa umeandikwa hata mara moja. Naye si mtu wa pekee. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Wanapita kliniki zetu wakipimwa kila kitu isipokuwa hicho.

## Miezi miwili ya vidonge

Shoga yake alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp la "kupunguza mwili bila mazoezi". Akatuma pesa kwa simu, na kopo likaja na basi. Halikuwa na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala namba ya usajili. Lilikuwa na picha ya majani mabichi na maandishi kwamba ni mitishamba asilia kwa asilimia 100. Maelekezo yalikuwa kidonge kimoja asubuhi kabla ya kula.

Wiki ya kwanza hamu ya chakula ikakatika kabisa. Kinywa kikawa kikavu, usingizi ukapotea, moyo ukawa unakwenda mbio hata akiwa amekaa, na choo kikawa mara tano au sita kwa siku. Alipouliza kwenye kundi akajibiwa kuwa hiyo ni sumu inatoka mwilini, aendelee. Wiki tano baadaye alikuwa amepungua kilo sita. Alifurahi, na anasema wazi kwamba kama mwili usingemwangusha, angenunua kopo la tatu.

Kichwa kilipoanza kumuuma mfululizo alikwenda kwenye kituo cha karibu. Presha ilikuwa 178/108. Dozi ya haidroklorothiazidi, ambayo ni dawa ya kukojoza, ikaongezwa mara mbili, akarudishwa nyumbani. Hakuulizwa kama kuna kitu kipya anachotumia, naye hakusema.

Baada ya siku chache miguu ikaanza kukaza misuli usiku, mikono ikakosa nguvu, akawa anasikia moyo kama unaruka pigo. Akaanguka kibandani. Alipofikishwa hospitali presha ilikuwa 192/114, mapigo 118 kwa dakika, na potasiamu kwenye damu milimoli 2.6 kwa lita. Kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha alama za upungufu huo. Potasiamu ikishuka kiasi hicho moyo unaweza kupoteza mpangilio ghafla, na mtu akafa bila kuwahi kuugua moyo maishani.

## Swali lililofungua kisa

Alipoulizwa mara ya kwanza anatumia dawa gani, alijibu za presha tu. Hakuwa anadanganya. Kwake yeye vile vidonge havikuwa dawa, vilikuwa mitishamba ya urembo. Muuguzi wa zamu ya jioni ndiye aliyeuliza kwa namna nyingine: "Mama, kuna chochote unachokunywa ambacho hukupewa hospitali? Chai, kahawa, kitu cha kupunguza tumbo?" Mdogo wake, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, akainuka bila kusema neno, akaenda nyumbani kuleta kopo.

Vidonge vikasimamishwa usiku ule ule, na haidroklorothiazidi pia. Potasiamu ikarudishwa kwa dripu polepole, kisha kwa vidonge. Aliruhusiwa siku ya nne akiwa na amlodipini na losatani. Losatani ilichaguliwa kwa sababu haipunguzi potasiamu, na kwa kuwa alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango, hofu ya kushika mimba akiwa anaitumia ilikuwa ndogo. Wiki tatu baadaye presha ilikuwa 146/92.

Kulikuwa na nini ndani? Maabara ya kulijibu swali hilo kwa uhakika haiko wodini. Tulichoweza kufanya ni jaribio dogo. Tulifungua kidonge, tukakoroga unga wake kwenye maji ya magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Maji yakageuka rangi ya waridi iliyokolea. Waliosoma kemia sekondari wanaikumbuka fenolfthalini kwa jina la POP, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alikali. Zamani ilikuwa dawa ya kuendesha tumbo, na Marekani iliiondoa madukani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu ya saratani. Ila majani ya sena nayo hutoa wekundu kwenye magadi, kwa hiyo jaribio lile si ushahidi wa kutaja kemikali moja. Sena nayo huendesha tumbo vile vile, na kuharisha wiki nane mfululizo juu ya dawa ya kukojoza iliyoongezwa dozi kunatosha kueleza potasiamu ya 2.6.

Kuharisha hakuelezi mapigo ya moyo, kinywa kikavu, kukosa usingizi wala presha iliyopanda. Dalili hizo kwa pamoja zinafanana sana na za sibutramini. Dawa hiyo iliwahi kuuzwa kihalali duniani kwa ajili ya kupunguza uzito. Utafiti wa watu wapatao 10,000, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa moyo au kisukari, ukaonyesha kuwa inaongeza matukio ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 16. Ulaya ikaisimamisha Januari 2010, na Marekani ikaondolewa Oktoba mwaka huo. Tangu hapo imekutwa tena na tena, katika nchi nyingi, ikiwa imechanganywa kimyakimya kwenye vidonge, kahawa na chai zinazoitwa za mitishamba. Mtu aliyekuwa akiogopa kiharusi huenda alikuwa ananunua kiharusi kwa pesa yake.

Tulijaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, na vidonge vilivyobaki vikakabidhiwa kwa mkaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, pamoja na kopo lake. Hadi ninaandika haya majibu ya maabara hayajatufikia.

## Kalamu iliyokuja na basi

Mwezi mmoja baadaye kilo zilikuwa zimekwisha rudi 95. Hapo ndipo mtoto wa dada yake aliyeko Dar es Salaam alipomtumia kalamu ya sindano yenye jina la Ozempic, kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Ujumbe ulioambatana nayo ulisema: "Mama mdogo, choma yote mara moja kwa wiki."

Safari hii alikuja kaunta kuuliza kabla ya kutumia. Sikumgombeza, na hapo ninamshukuru muuguzi wa kwanza aliyemfanya aone kwamba kusema hakuleti aibu. Tuliikagua kalamu pamoja. Semaglutaidi, dawa ya kisukari inayopunguza pia njaa na uzito, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Ozempic halisi, huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Ikianza kutumika huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa siku 56. Hivyo joto la basi peke yake lisingetosha kuihukumu. Kilichotutia wasiwasi ni asili yake: haikuwa na boksi wala risiti, namba ya toleo ilikuwa imefutika nusu, na lebo ilikuwa imebandikwa upande. Oktoba 2023 mamlaka za Ulaya zilitangaza kukuta kalamu bandia za jina hilo zikiwa zimebandikwa lebo za uongo, na huko Austria watu walilazwa baada ya sukari yao kushuka ghafla, hali iliyoashiria kuwa walikuwa wamechoma insulini. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu semaglutaidi bandia.

Hata kama ingekuwa halisi, maelekezo ya kuchoma yote yangemlaza tena. Dawa hii huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, mwezi mzima, na kalamu moja huwa na dozi kadhaa. Anayeruka hatua hizo hutapika hadi kukaukiwa maji, na kwa mtu anayetumia losatani figo ndizo zinazoumia. Kalamu haikutumika.

## Kuchagua njia

Kabla ya kusema lolote kuhusu sindano, tabibu alitaka vipimo. Sukari asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 8.9 kwa lita, ilirudiwa siku nyingine, ikawa 9.1. Kuanzia 7 ni kisukari. Kwa hiyo Mama T. alikuwa na kisukari aina ya pili bila kujua, na pengine kwa muda mrefu. Mazungumzo yakabadilika. Sasa swali lilikuwa ni dawa gani ya kisukari na presha itakayomsaidia na uzito pia.

Tulimwekea mezani yote yaliyokuwepo. Kwanza chakula na metfomini, kidonge cha kisukari ambacho ni rahisi kupatikana na hupunguza uzito kidogo. Pili orlistati, inayozuia takriban theluthi ya mafuta ya chakula yasifyonzwe utumboni. Mafuta hayo lazima yatoke, na kwa mtu anayekula mawese kila siku yanatoka ghafla na kuchafua nguo. Kibanda chake hakina choo karibu. Alisikiliza, akacheka kwa aibu, akaikataa, na uamuzi wake ulikuwa na akili kuliko kurasa nyingi za maelekezo. Tatu, puto linalowekwa ndani ya tumbo ili mtu ashibe haraka, huduma inayotolewa Muhimbili-Mloganzila, ila hakuwa tayari kufunga biashara na kusafiri. Nne, semaglutaidi kwa utaratibu wa daktari.

Tulianza na metfomini kwa miezi mitatu. Mlo wa usiku ukasogezwa hadi saa moja, soda zikaondoka, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Mawese hakuambiwa aache. Kwa mwenyeji wa Kigoma agizo hilo huishia mlangoni mwa kliniki. Aliambiwa apime kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina takriban kalori 120, naye alikuwa akimimina kwa upawa. Uzito ukafika 92, sukari 7.4, presha 142/90.

Ndipo tabibu akawasiliana na daktari bingwa Mwanza, na semaglutaidi ikaandikwa. Kabla ya hapo macho yalipimwa, kwa sababu kwa wenye kisukari sukari ikishuka haraka mno retina iliyokwisha dhurika inaweza kuharibika zaidi. Aliulizwa kuhusu kuumwa kongosho, mawe kwenye mfuko wa nyongo, na saratani ya tezi ya shingo katika ukoo, kwa kuwa wenye historia ya aina fulani ya saratani hiyo hawapewi. Dawa ilinunuliwa Dar kwa cheti na risiti, ikasafirishwa kwa ndege ndani ya kisanduku cha barafu, namba ya toleo tukailinganisha na boksi. Ilikuwa karibu na Ramadhani, naye hufunga, kwa hiyo dozi ya kwanza ilisubiri Idi ipite: wiki za mwanzo ndizo za kichefuchefu, na kunywa maji mchana ilikuwa lazima.

Pesa ilijadiliwa pia, lakini kwa juu juu. Hana bima. Bei ya kalamu ya mwezi mmoja ilizidi kodi ya fremu yake. Kaka yake aliahidi kuchangia, kila mtu akaridhika na ahadi hiyo.

## Miezi saba ya sindano

Alipanda polepole: 0.25, kisha 0.5, kisha miligramu 1 kwa wiki, akabaki hapo. Kichefuchefu kilikuja kila dozi ilipopanda na kutulia baada ya siku chache. Choo kilifunga, papai na maji vikasaidia. Mara moja alitapika na kuharisha kutokana na chakula cha msibani. Alipiga simu, akaambiwa asimamishe losatani na metfomini hadi aanze kula na kunywa vizuri. Kipimo cha figo baada ya hapo kilikuwa salama. Simu ile ilikuwa na thamani kubwa.

Tatizo ambalo halikutarajiwa lilikuwa kula kidogo kupita kiasi. Kuna wiki alishinda na uji na ndizi mbili. Uzito unaopotea hivyo haupotei kwa mafuta pekee, misuli nayo huondoka, na mwanamke wa miaka 43 anaihitaji misuli yake. Tukakubaliana kila mlo uanze na dagaa, maharage au mayai, wanga ufuate.

Mwisho wa mwezi wa saba alikuwa na kilo 83. Sukari 5.9. Presha 128/82, amlodipini ikapunguzwa kutoka 10 hadi 5. Alipanda kutoka Kibirizi bila kusimama njiani. Ninataka msomaji alipime hilo kwa uzito wake: mama huyu, ambaye miezi kadhaa nyuma alilazwa akiwa na presha ya 192, alikuwa anatumia nusu ya dozi yake ya zamani ya amlodipini.

Mtaani haikupokelewa hivyo. "Umekonda, vipi?" ndiyo iliyokuwa salamu. Waliomsifia mwili wake mnene sasa walikuwa wakinong'ona kuhusu "ule ugonjwa". Mama mkwe aliita wazee. Alipima virusi vya Ukimwi kwa hiari yake, majibu yakawa hana, lakini minong'ono haikukoma. Mumewe alijua kuwa ana kisukari na anachoma sindano, wengine hawakuambiwa chochote, na ukimya ule ukawapa watu nafasi ya kujaza wanachotaka.

## Dawa ilipokatika

Zikaja ada za watoto, na mchango wa kaka ukakoma. Akaacha. Hakutuambia kwa wiki sita, kwa sababu aliona ameshindwa na hakutaka kutuangusha. Njaa ilirudi ndani ya wiki chache, anasema kwa nguvu kuliko zamani. Baadhi ya ndugu waliona afadhali: mwili umerudi, mama amepona.

Miezi mitano baada ya sindano ya mwisho alikuwa na kilo 88, sukari 7.1, presha 138/88. Amlodipini ikarudishwa 10. Metfomini hakuiacha, mlo wa saa moja hakuuacha, na pengine ndiyo sababu hakurudi 96. Sasa ana kilo 87 na amesimama hapo kwa miezi miwili. Ameamua mwenyewe kwamba hataanza tena hadi awe na akiba ya mwaka mzima, na akiba hiyo anaiweka kwenye kikoba.

## Uchambuzi

Tuanze na faida, kwa sababu baada ya mambo ya vidonge ni rahisi kuzichoma dawa zote moto mmoja. Semaglutaidi ilimfaa Mama T. Matarajio yake ndiyo yaliyohitaji kurekebishwa. Takwimu zinazozunguka mitandaoni ni za utafiti wa watu 1,961 wasio na kisukari uliochapishwa 2021, ambapo waliotumia miligramu 2.4 walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68. Wenye kisukari hupungua chini ya hapo: katika utafiti wao wa mwaka huo huo, miligramu 2.4 ilileta asilimia 9.6, miligramu 1 ikaleta takriban 7, na waliochoma dawa isiyo na kitu 3.4. Mama T., kwa miligramu 1 na mabadiliko ya chakula, alipungua karibu asilimia 10. Alifanya vizuri kuliko wastani, lakini kwa kuwa mtoto wa dada yake alikuwa anamtumia picha za watu waliopungua kilo 25, aliona amepata nusu.

Kuna pia utafiti wa 2023 wa watu 17,604 ulioonyesha kuwa dawa hii ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi. Hao walikuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa tayari, bila kisukari. Nimesikia takwimu hiyo ikitumiwa kumshawishi msichana wa miaka 22 mwenye kitambi kidogo. Haimhusu.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki, kwa maoni yangu, ni lile swali la muuguzi kabla ya dawa yoyote. Swali la "unatumia dawa gani?" lilishindwa mara mbili, kituoni lilipokosa kuulizwa na hospitali lilipoulizwa kwa lugha ya hospitali. Tangu hapo kwenye kaunta yetu tunauliza kuhusu chai, kahawa, vidonge vya urembo na vitu vya kutoka mtandaoni, kila presha inapopanda bila sababu, kabla hatujagusa dozi. Cha pili ni kwamba hatukumhesabia kilo peke yake. Sukari, presha, magoti na idadi ya vidonge vya presha vilikuwa kwenye karatasi moja. Kilo ziliporudi tano, karatasi ile ndiyo iliyomwonyesha kwamba bado yuko mahali bora kuliko alikoanzia.

Kilichoshindwa kinaanzia mbali. Miaka mitatu ya kliniki bila uzito kuandikwa ilimwacha atafute ushauri mahali pekee palipokuwa tayari kuzungumza naye, yaani kwa muuzaji. Kuongeza dawa ya kukojoza kwa mtu anayeharisha, bila kumuuliza choo chake, nusura kummalize. Muuzaji wa kopo hadi leo anaendelea, kundi limebadilisha jina tu.

Minong'ono nayo ilikuwa na tiba ambayo haikutolewa kwa wakati. Kikao kimoja na mume, mama mkwe na yule mdogo wake, kabla ya sindano ya kwanza, kikieleza kuwa ana kisukari na kwamba atapungua kwa makusudi, kingemlinda. Kupungua mwili kwetu hakuhesabiwi afya, na anayeanza dawa hizi bila kuwaandaa watu wa nyumbani anaachwa apambane nao peke yake.

Kubwa zaidi ni kukatika kwa dawa. Hili halikuwa jambo la kushangaza. Washiriki wa ule utafiti wa 2021 waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza. Dawa hufanya kazi ya homoni ya kushiba wakati ikiwa mwilini. Ikitoka, njaa inarudi, na unyonge wa mtu hauhusiki. Mama T. alipaswa kuyasikia maneno haya siku ya kwanza, pamoja na namba ya kumpigia mtu siku pesa itakapokwisha. Laiti angeyasikia, zile wiki sita za kujificha zisingekuwepo, na presha yake ingefuatiliwa tangu wiki ya kwanza.

Katika timu yetu hatukubaliani mpaka leo kama tulipaswa kuanza. Tabibu anashikilia kuwa mtu asiye na uhakika wa pesa ya mwaka asianzishwe, kwa kuwa anapandishwa ngazi ili aangushwe. Anaungwa mkono na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2025, unaozipendekeza dawa hizi kwa tiba ya muda mrefu na kwa masharti. Mimi nasema miezi saba iliyoshusha sukari hadi 5.9 haikupotea, mishipa yake ilipumzika kwa muda huo, na alijifunza kula kwa namna ambayo imebaki. Ila ningebadilisha jambo moja: siku ya kuandika sindano ya kwanza ningeandika na mpango wa kuacha, wenye tarehe ya kupima presha na sukari wiki ya pili na ya sita baada ya sindano ya mwisho, iwe imekoma kwa hiari au kwa kukosa pesa. Septemba 2025 dawa za kundi hili ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo kwa wenye kisukari aina ya pili walio na kiribatumbo pamoja na ugonjwa wa moyo au figo. Bei ikishuka zitafika Kigoma kwa wingi, halisi na bandia pamoja, na wengi watakaozianza watakuwa na ahadi ya kaka kama yake.